Mcheza Kwao: Habari za Golikipa Aliyegeuka Mwalimu

Katika viwanja vya mpira vya Tarasaa, na hapana shaka katika viwanja vya Ngao, Garsen na vijiji vingine vilivyo kando ya mto Tana, iko kazi moja ambayo vijana huikimbia. Timu zinapogawanywa wakati wa alasiri, kila mmoja hutaka kuwa mshambuliaji. Wako wanaokubali kuwa walinzi, ingawa kwa shingo upande. Lakini langoni hapana atakaye kusimama. Na mwisho wake huchukuliwa mtoto aliye mdogo kuliko wote, au yule aliyechelewa kufika, akawekwa baina ya miti miwili. Akidaka mipira kumi hasifiwi. Akiachilia mmoja, jina lake hutajwa njia nzima mpaka nyumbani.

Insha hii yaeleza habari za mtu aliyesimama mahali hapo pasipotakwa, kisha akatoka hapo akawa mwalimu wa timu ya taifa letu. Mtu huyo ni Jacob Mulee, aliyezaliwa mwaka 1968, ambaye Wakenya wengi humjua zaidi kwa jina lake la utani, Ghost. Mwaka 2004 timu ya Kenya chini ya uongozi wake ilipata ushindi wake wa kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ushindi huo haukuivusha timu kwenda mbele hata hatua moja. Basi msomaji aweza kuuliza: je, ushindi usiomvusha mtu ng'ambo wastahili kuandikwa katika historia? Swali hilo ndilo tutakalolijibu, lakini kwanza yatupasa kuielewa kazi ya golikipa.

Lango la mpira wa miguu lina upana wa mita 7 na sentimita 32, na kimo cha mita 2 na sentimita 44. Hakuna binadamu awezaye kulijaza kwa mwili wake. Mpira wa penalti hupigwa kutoka umbali wa mita 11 tu, na mpigaji hodari huufikisha langoni kabla mlinzi hajamaliza kuwaza. Kwa hiyo golikipa halindi lango kwa mikono peke yake. Hulilinda kwa macho, kwa kuwa yampasa kuijua hatari ingali mbali. Na hulilinda kwa mdomo, kwa kuwa humwambia mlinzi wa kulia asogee, akamkumbusha wa kushoto kwamba nyuma yake yuko mtu, akamtuliza kijana aliyeghadhibika. Wachezaji wengine huona kipande cha uwanja. Mshambuliaji huliona lango la adui na walinzi wawili watatu. Kiungo huona vumbi lililomzunguka. Golikipa peke yake huwa na timu nzima mbele ya macho yake kwa dakika 90.

Sisi tukaao karibu na mto tunao mfano ulio wazi. Katika mtumbwi, anayeuongoza hukaa nyuma, na baharini nahodha hushika usukani akiwa upande wa tezi. Mwenye kukaa mbele huyaona maji, lakini mwenye kukaa nyuma huyaona maji, na mtumbwi, na migongo ya wenzake wote. Humjua aliyechoka kabla mwenyewe hajasema kuwa amechoka. Elimu ya namna hiyo haipatikani kitabuni. Hupatikana kwa kukaa mahali penyewe miaka mingi na kutazama.

Jambo hili halikuonekana katika mpira wa miguu tu. Wamarekani wanao mchezo wao uitwao besiboli, ambao kwetu haujaenea sana, ijapokuwa vijana wa Lugazi nchini Uganda walikwenda Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya mchezo huo. Katika besiboli mtu mmoja hurusha mpira kwa nguvu, na wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, amevaa kinyago cha chuma usoni na ngao kifuani. Wenzake wote wanane humwelekea yeye, naye huwaelekea wao. Kwa ishara za vidole humwonyesha mrushaji aina ya mpira wa kurusha. Magoti humwuma, vidole huvunjika, na watazamaji wengi hawamtazami. Lakini wadakaji wengi sana wametokea kuwa viongozi wa timu. Connie Mack alikuwa mdakaji. Akaja kuiongoza timu ya Athletics ya Philadelphia kwa misimu 50, tangu 1901 hata 1950, akatwaa ubingwa wa nchi mara 5. Bruce Bochy naye alikuwa mdakaji. Akaiongoza San Francisco Giants kutwaa ubingwa mwaka 2010, 2012 na 2014, na akautwaa tena mwaka 2023 akiwa na Texas Rangers.

Katika mpira wa miguu mfano wa mdakaji huyo ndiye golikipa. Raymond Goethals wa Ubelgiji, aliyekuwa golikipa, ndiye mwalimu wa Marseille ya Ufaransa ilipotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1993. Dino Zoff alilinda lango la Italia na kuwa nahodha wake ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1982; miaka 18 baadaye, akiwa mwalimu, aliifikisha Italia hiyo hiyo kwenye mchezo wa mwisho wa Kombe la Ulaya la 2000.

Na atakaye kujua thamani ya golikipa, na atazame siku ambayo hayupo. Majirani zetu wa Komoro walifika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika mashindano yaliyochezwa Januari 2022 nchini Kamerun. Waliifunga Ghana mabao 3 kwa 2, wakaushangaza ulimwengu. Kisha ikawapasa kucheza na wenyeji, Kamerun, tarehe 24 Januari. Golikipa wao mmoja alikuwa ameumia, na wengine wawili walizuiwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Ikabidi beki Chaker Alhadhur avae glavu asimame langoni. Mapema kabisa mwenzao mmoja alipewa kadi nyekundu, wakabaki 10. Walifungwa 2 kwa 1 tu, na Alhadhur alizuia mipira ambayo mabingwa wa kazi hiyo wangejivunia. Tangu siku hiyo watu wengi walimheshimu mtu wa langoni kuliko walivyokuwa wakimheshimu kwanza.

Sasa na turudi kwa Mulee. Baada ya kuacha kudaka mipira alishika kazi ya ualimu wa mchezo. Jina lake lilianza kuvuma alipokuwa na Tusker, klabu ya Nairobi ambayo zamani iliitwa Kenya Breweries. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1999 na mwaka 2000, na tena ikatwaa Kombe la Klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 2000 na 2001. Alikuwa angali kijana, umri wake haujatimia miaka 35, lakini alikuwa amekwisha onyesha kwamba aliweza kuwapanga watu na kuwafanya wasikilizane.

Hata hivyo, kupata ubingwa kwa klabu ni jambo moja, na kukabidhiwa timu ya taifa ni jambo lingine. Hapa inatubidi tuzikumbuke methali mbili za Kiswahili ambazo hazipatani. Moja husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine husema: mcheza kwao hutuzwa. Historia ya timu ya Kenya, tangu uhuru, ni historia ya kuvutana kwa methali hizi mbili.

Wageni walikuja, na haki ni kusema kwamba baadhi yao walileta faida. Kenya ilipofika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 1972 nchini Kamerun, mwalimu wake alikuwa Mjerumani, Eckhard Krautzun. Mwaka 1987, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, Mjerumani mwingine, Reinhard Fabisch, aliifikisha Kenya kwenye mchezo wa mwisho, ikashindwa na Misri kwa bao 1 kwa 0. Lakini wenyeji nao hawakukaa bure. Marshall Mulwa, Mkenya, aliiongoza timu ya taifa kutwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Na langoni alisimama Mahmoud Abbas, aliyepewa jina la Kenya One. Mchezo wa mwisho wa 1982, mjini Kampala, ulikwisha kwa sare ya bao 1 kwa 1, Kenya ikaishinda Uganda kwa mikwaju ya penalti, 5 kwa 3. Basi ushahidi ulikuwapo kwamba mwenyeji aweza kufundisha, na kwamba golikipa aweza kuwa nguzo ya nyumba.

Lakini katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika ilibaki aibu moja. Kenya ilikwenda mwaka 1972. Ikaenda tena 1988 nchini Moroko, 1990 nchini Aljeria na 1992 nchini Senegali. Mara zote nne ilirudi bila ya kushinda hata mchezo mmoja. Baada ya hapo hata njia ya kwenda ilifungika, na miaka kumi na zaidi ikapita. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1972 alikuwa amekuwa mtu mzima, naye hajapata kusikia habari ya ushindi wa Kenya mahali hapo.

Katika mashindano ya kuwania fainali za 2004, Kenya ilitiwa kundi moja na Togo, Cape Verde na Mauritania. Ikaliongoza kundi hilo, ikafuzu. Nahodha alikuwa Musa Otieno, mlinzi aliyekomaa. Mbele walikuwapo Mike Okoth, ambaye mwanawe Divock Origi alikuja baadaye kuichezea Ubelgiji, na John Baraza, na kijana mmoja wa Nairobi mwenye mbio, Dennis Oliech, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19. Mwalimu alikuwa Jacob Mulee.

Timu 16 zilikusanyika Tunisia mwezi wa Januari. Kenya iliwekwa katika kundi lililoogofya. Senegali ilikuwa imefika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2002. Mali ilikuwa ya nne Afrika mwaka huo huo wa 2002, na Burkina Faso ilikuwa ya nne mwaka 1998. Michezo yote mitatu ya Kenya ilichezwa katika mji wa Bizerte, ulio pwani ya kaskazini ya nchi hiyo.

Tarehe 26 Januari 2004 Kenya ilicheza na Mali. Mali ilitangulia, na Titus Mulama akasawazisha katika dakika ya 58. Kwa dakika chache Wakenya walitumaini. Kisha Frédéric Kanouté akafunga mara mbili, na mchezo ukaisha 3 kwa 1. Tarehe 30 Januari Senegali haikungoja. Ilifunga katika dakika ya 4, ikafunga tena katika dakika ya 19 na ya 31. Nusu ya kwanza ilikuwa haijaisha, nayo Kenya ilikuwa imekwisha fungwa mabao 3. Lakini msomaji na aangalie jambo moja ambalo hesabu ya mwisho hulificha: baada ya dakika ya 31 Senegali haikupata bao jingine. Timu iliyokatika moyo hufungwa 6 au 7. Timu ile ilijikusanya, ikasimama.

Mchezo wa tatu ulikuwa tarehe 2 Februari, na Burkina Faso. Hapa ndipo kiini cha habari yetu. Kenya haikuwa na pointi hata moja, na haikuwa na njia ya kusonga mbele hata ingelishinda kwa mabao 10. Burkina Faso ilikuwa na pointi 1, na bado ilikuwa na tumaini. Mtu mwenye kuhesabu faida angelisema kwamba mchezo ule ulikuwa wa Burkina Faso peke yake, na kwamba Wakenya walikwenda kutimiza ratiba. Nusu ya kwanza ilikwisha bila ya bao. Katika nusu ya pili, dakika ya 50, Emmanuel Ake alifunga. Katika dakika ya 63 alifunga Dennis Oliech, na siku hiyo ndiyo siku aliyotimiza miaka 19. Katika dakika ya 83 alifunga John Baraza. Kenya 3, Burkina Faso 0. Muda wa miaka 32 ulikuwa umepita tangu Kenya ilipokanyaga fainali hizo kwa mara ya kwanza.

Tazama namna ushindi huo ulivyopatikana. Timu iliyofungwa mabao 6 katika michezo miwili haikufungwa hata bao moja katika wa tatu. Mabao yake yote yalikuja baada ya mapumziko, wakati ambapo neno la mwalimu huwa limetoka tu kusikiwa. Na waliofunga walikuwa watu watatu mbalimbali. Hizi si dalili za bahati. Bahati huja mara moja, nayo aghalabu huja kwa mguu wa mtu mmoja.

Basi turudi kwenye swali letu: ushindi usiomvusha mtu ng'ambo una thamani gani? Wako wasemao kwamba hauna, maana kombe halikuja Nairobi, na timu ilipanda ndege kurudi siku zile zile ambazo ingelipanda kama ingelifungwa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini imesahau kitu kimoja. Mtu aliye na tumaini la tuzo hupigana kwa ajili ya tuzo. Mtu asiye na tumaini hilo, akipigana, hupigana kwa ajili ya heshima ya kazi yake. Golikipa aliyefungwa mabao matatu huwa angali na wajibu wa kuuzuia mpira wa nne, ijapokuwa mchezo umekwisha potea, ijapokuwa hakuna atakayemshukuru. Hilo ndilo fundisho la langoni, na wachezaji wa Kenya walilionyesha mjini Bizerte. Hesabu nayo yaliunga mkono: tangu 1972 hata 2019 Kenya ilifika fainali hizo mara 6, nayo ilishinda michezo 2 tu. Wa kwanza ni huo wa 2004. Wa pili ulikuja miaka 15 baadaye, tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, ilipoifunga Tanzania 3 kwa 2 chini ya mwalimu Mfaransa, Sébastien Migné. Mmoja uliletwa na mwenyeji na mmoja uliletwa na mgeni. Na mwenyeji alitangulia.

Mtu angelidhani kwamba baada ya Tunisia mwalimu yule angelipewa miaka ya kutosha kujenga. Haikuwa hivyo. Viongozi wa mpira wa nchi walikuwa katika ugomvi, Serikali ikaingia kati, na mwezi wa Juni 2004 Shirikisho la Kandanda Ulimwenguni, FIFA, likaifungia Kenya mpaka mwezi wa Agosti. Katika mwaka huo huo Mulee alitoka katika kazi ya timu ya taifa. Mwaka 2006 aliletwa Bernard Lama, golikipa mashuhuri aliyekuwa katika kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998. Naye pia alikuwa mtu wa langoni, tena mwenye sifa kubwa kuliko ya mwenyeji yeyote. Lakini alikaa muda wa miezi miwili hivi, akaondoka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo FIFA iliifungia Kenya tena. Jambo hili latufundisha kwamba macho mazuri ya golikipa hayatoshi ikiwa nyumba anayoilinda haina paa. Mwalimu awe mgeni au mwenyeji, hawezi kufundisha katikati ya ugomvi wa wenye shule.

Mulee aliitwa tena mwaka 2007, akakaa hata 2008. Akaitwa tena mwaka 2010. Baada ya hapo alipita mwalimu huyu na huyu, Mkenya na Mzungu na Mwarabu, kila mmoja akiingia kwa shangwe na kutoka kwa lawama. Nyakati hizo za pili Mulee hakupata mafanikio kama ya kwanza, nasi hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini mwanafunzi wa historia na ajiulize: ni mti gani upandwao na kung'olewa kila baada ya msimu mmoja, kisha ukalaumiwa kwa kukosa matunda? Wakulima wa huku kwetu wajua kwamba mwembe hauzai mwaka uliopandwa.

Mwezi wa Oktoba 2020 aliitwa kwa mara nyingine, baada ya kuondoka Francis Kimanzi. Kenya ilikuwa inawania kwenda fainali za Afrika, na wakati huo ugonjwa wa korona ulikuwa umewafukuza watazamaji viwanjani. Katika mwezi wa Novemba timu ilitoka sare na Komoro, 1 kwa 1, mjini Nairobi, kisha ikafungwa 2 kwa 1 mjini Moroni. Tumaini likafifia. Tarehe 25 Machi 2021 Misri, mabingwa wa Afrika mara 7, walikuja Kasarani wakafunga katika dakika za mwanzo kabisa. Kijana wa Pwani, Abdalla Hassan wa klabu ya Bandari ya Mombasa, akasawazisha, na mchezo ukaisha 1 kwa 1. Kwa sare hiyo njia ya Kenya ilifungika. Siku nne baadaye timu ilikuwa Lome, haina tena la kupata, ikacheza na Togo kwao, ikashinda 2 kwa 1.

Hapana shaka msomaji ameona kwamba habari ya Bizerte imejirudia. Kwa mara ya pili timu ya Mulee ilikuwa imekwisha kuaga mashindano, na kwa mara ya pili ilishinda mchezo ambao haukuwa na faida ya kuhesabika. Mwezi wa Septemba 2021 ilianza kuwania Kombe la Dunia kwa sare mbili, 0 kwa 0 na Uganda na 1 kwa 1 na Rwanda, na mwezi huo huo mwalimu akaondoka. Katika michezo 6 ya mashindano ya kipindi hicho alishinda 1, akafungwa 1, na 4 ilikuwa sare. Ni hesabu ya mtu wa langoni: timu isiyoangushwa kwa urahisi, lakini pia isiyofunga vya kutosha. Wakosoaji wake walisema kwamba taifa haliendi mbele kwa sare, na neno lao ni la kweli. Nafasi yake ilichukuliwa na Engin Fırat, Mturuki; na katika mchezo wake wa kwanza, tarehe 7 Oktoba 2021, Kenya ilifungwa na Mali mabao 5 kwa 0.

Sisemi haya ili kumdharau mgeni. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, alikuwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini aliyeiongoza Kenya kuifunga Moroko na kufika robo fainali, ilipotolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti. Mtu mwema na apokewe, atoke atokako. Ninalosema ni kwamba mgeni hupewa mkataba, nyumba na muda. Mwenyeji huitwa moto unapowaka, na akiisha kuuzima huambiwa aende zake. Mtu akifanya hivyo kwa miaka mingi, asishangae kukosa walimu nchini mwake.

Lipo jambo moja la mwisho katika maisha ya Mulee ambalo Wakenya wengi hulijua kuliko habari za Bizerte. Kwa miaka mingi sauti yake imesikika asubuhi katika Radio Jambo, akiwa pamoja na mwenzake Gidi. Katika kipindi chao kuna sehemu iitwayo Patanisho, ambapo mtu aliyegombana na mkewe, au mume, au ndugu, huomba asaidiwe kupatana naye hewani. Yako mambo ya kuchekesha humo, na yako ya kuhuzunisha. Wengine huona kwamba ni mzaha kwa mwalimu wa timu ya taifa kufanya kazi hiyo. Mimi naona kwamba kazi ni ile ile. Kukaa kimya ukasikiliza pande mbili, kumtambua aliyekosa bila ya kumvunja, kumrudisha kila mmoja mahali pake ili nyumba isimame: hayo ndiyo aliyoyafanya golikipa alipokuwa akiwapanga walinzi wake. Sisi wa delta ya Tana, tulioona mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 jinsi wakulima na wafugaji walivyomwagana damu, hatuna sababu ya kuidharau kazi ya mpatanishi.

Katika lugha yetu kocha huitwa mwalimu, na jina hilo halikutolewa kwa bahati mbaya. Katika chuo cha ualimu mtu hufundishwa kwamba mwalimu mwema hasimami mbele ya darasa tu. Mara nyingine huzunguka akasimama nyuma, mahali awezapo kuona madaftari yote, na kumjua mtoto aliyeacha kuandika. Akiisha kufundisha, mtihani hufanywa na wengine. Sifa za kufaulu ni zao, na lawama za kuanguka aghalabu ni zake. Atakaye kazi hiyo na ajue hivyo mapema.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa haki ya kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wako baadhi yenu, wanafunzi, ambao siku moja mtashika usukani wa timu, wa shule, wa kijiji au wa wilaya. Huenda mkaitwa mkiwa hamjajiandaa, na mkaondolewa kabla ya kumaliza. Siku hiyo ikifika, kumbukeni kwamba Emmanuel Ake alifunga katika dakika ya 50 ya mchezo ambao Kenya haikuwa na la kuupatia, na kwamba tangu dakika ya kwanza hata ya mwisho ya mchezo huo lango la Kenya halikuguswa.